Mwambie Mama Akanyage

Gereji nzima ilimwita Fundi Samahani. Alimwomba radhi mteja kabla ya kumtajia ugonjwa wa gari lake, alimwomba radhi mwenzake kabla ya kuazima spana, na siku moja walimsikia chini ya lori akiibembeleza nati iliyoshika kutu: "Samahani dada, hapa nitakuumiza kidogo." Mikono yake ilikuwa hodari, hilo hakuna aliyebisha. Kilichompungukia ni sauti. Mtu wa namna hiyo ukimpa na mama mkwe, basi umemmaliza kabisa.

Mama mkwe mwenyewe hakuwa mkali, na afadhali angekuwa. Mtaa ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa alikuwa fundi wa nguo ambaye pindo lake halikufumuka hata nguo yenyewe ikichakaa. Kwa wateja alikuwa na mdomo wa kukata kitambaa bila mkasi. Kwa mkwewe alikuwa asali tupu. Wawili hawa waliheshimiana mpaka watu wa nyumbani wakachoka. Wakikutana mlangoni, huyu atasema, "Tangulia, mama," na yule atasema, "Hapana baba, pita wewe," na chai itapoa mezani wao bado wanapeana njia. Heshima si utumwa, wahenga walisema, ila hawakuwaona hawa.

Sasa, siku ya habari hii ilikuwa siku ya Mama Pindo ya mtihani wa udereva, na mtihani huo haukuwa wa leseni tu. Marehemu mumewe alimwachia gari dogo jeupe, kuukuu, ambalo miaka yote ya ndoa alilipanda upande wa abiria, mkoba mapajani. Mume alipofariki, gari likakaa uani likikusanya majani makavu, mpaka Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, akaja na hoja yake.

"Shemeji, gari lisiloendeshwa ni banda la kuku. Mimi leseni ninayo. Nipe nilichukue."

Mama Pindo hakuwa amewahi kushika usukani hata wa baiskeli. Lakini alisikia mdomo wake ukijibu kabla yeye hajauruhusu: "Nitaliendesha mwenyewe." Wakapatana mbele ya ukoo mzima. Mwaka ukiisha akiwa na leseni, gari ni lake na hakuna wa kuuliza tena. Akiwa hana, Baba Mkubwa analiondoa. Tangu hapo alishaanguka mtihani mara mbili, zote mbili mlimani, pale dereva anapotakiwa kusimama katikati ya mwinuko kisha aondoke bila gari kurudi nyuma. Nafasi ya mwisho kabla ya mwaka kuisha ilikuwa leo, saa nane mchana, na kwenye uwanja wa mtihani kila mtu huja na gari lake.

Asubuhi Fundi Samahani alifika na mkewe kumsindikiza. Mke huyu, mtoto pekee wa Mama Pindo, alikuwa na mimba kubwa, na mimba ile ilikuwa imemletea ugonjwa wa kucheka. Alicheka mlango ukilia, alicheka akiona viatu vyake mwenyewe, na akianza hakuwa na breki. Walipofungua geti, kilichowapokea ni mlio wa chuma kikisaga chuma. Mama Pindo alikuwa kwenye usukani, injini inawaka, akipigana na gia kwa mikono miwili. Barazani, kofia gotini, ameketi Baba Mkubwa. Alikuja kushuhudia, alisema. Ufunguo wa akiba wa gari lile, aliouchukua siku ya mazishi na hakuurudisha, ulikuwa umechomoza kwenye mfuko wa shati lake kama kalamu.

"Ni gia boksi hiyo," Baba Mkubwa alitangaza. "Nimeendesha magari kabla ninyi hamjazaliwa. Gia boksi ikilia hivyo, ni kuizika tu."

Fundi alisalimia, akaomba radhi kwa kuchelewa ingawa hakuwa amechelewa, akasogea kwenye dirisha la gari.

"Mama, samahani, kama haikusumbui, ungezima injini."

Mama Pindo akazima.

"Sasa, ukiona inafaa, ungejaribu kuingiza gia."

Gia ikaingia laini kabisa, ya kwanza, ya pili, mpaka ya nyuma. Akamwomba airudishe katikati, awashe, ajaribu tena. Kelele iliyotoka iliwatimua kuku wa jirani.

"Gia boksi ni nzima," Fundi alisema. "Samahani, baba mkubwa."

Alieleza, kwa sauti ya mtu anayeongea maktaba. Gia inayoingia injini ikiwa imezimwa na kugoma injini ikiwaka haina kosa lolote. Mwenye kosa ni klachi, ambayo kazi yake ni kuiachanisha injini na gia kwa muda, na leo haiachanishi. Na kweli, alipotazama pedali ya klachi, aliikuta imelala sakafuni kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Mama Pindo alikuwa akiiinua kwa ncha ya kiatu.

Akaingia uvunguni na tochi. Klachi ya gari lile haikuwa na waya. Mguu unaposukuma pedali, husukuma mafuta ndani ya silinda ndogo ambayo mafundi huiita masta ya juu. Mafuta hupita kwenye mabomba mpaka masta ya chini, ubavuni mwa gia boksi, na huko kijiti cha chuma husukuma mkono wa klachi. Alimwomba mkewe amwombe mama yake akanyage. Kijiti kilisogea kiasi cha ukucha, kikakata tamaa. Palikuwa na unyevunyevu pia, masta ya chini ilikuwa ikitoa jasho. Hiyo peke yake ingepunguza mafuta taratibu. Isingeiua klachi ghafla hivi.

Basi akafungua boneti, akafungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya klachi, akamulika ndani.

Raba nyembamba inayokaa chini ya kifuniko ilikuwa imevimba kama mkate uliodondoka kwenye chai. Haikuweza tena kurudi mahali pake. Ndani, mafuta yalikuwa tabaka mbili, chini yamechafuka, juu maangavu. Klachi hutumia mafuta yaleyale ya breki, na mafuta ya breki hukubali maji, huchanganyika nayo bila ugomvi. Fundi akachovya ncha ya bisibisi, akatazama huku na huku, akaona glasi ya maji karibu na Baba Mkubwa.

"Samahani," alisema, akadondosha tone humo.

Tone likakaa juu, duara, linang'aa, linaelea kwa kiburi. Hayakuwa mafuta ya breki. Akainusa ile bisibisi, na harufu ile aliijua. Ilikuwa harufu ya sebule aliyokwenda kuposa, ameketi pembeni ya meza ya kushonea. Mafuta ya cherehani.

Aliinua macho. Mama Pindo alikuwa akichunguza mawingu kwa makini makubwa.

Hapo ndipo fundi mwingine yeyote angeuliza nani katia nini humu. Fundi Samahani alifuta bisibisi. "Inaonekana kuna mafuta yamechanganyika, mama. Labda, labda huko madukani siku hizi."

"Dunia imeharibika," Mama Pindo alisema.

"Imeharibika sana, mama."

Baba Mkubwa, aliyesikia maneno mengi na koo limekauka, akanyoosha mkono kuchukua glasi yake. Binti alimrukia kwa wepesi usiotarajiwa kwa mtu mwenye tumbo lile, akamnyang'anya, akakaa chini kwenye ngazi akicheka mpaka machozi yakamtoka. Baba Mkubwa aliuliza kama ndivyo wageni wanavyonyimwa maji siku hizi.

Kazi ilikuwa wazi lakini haikuwa ndogo. Raba iliyokunywa mafuta yasiyo yake haiponi, na hapakuwa na raba hata moja ndani ya mfumo ule iliyosalimika. Fundi alikimbilia duka la spea, akarudi na raba mpya za masta ya juu na ya chini, bomba laini jipya, na kopo la mafuta ya breki yenyewe hasa. Akafungua, akatoa, akafuta. Raba za zamani zilikuwa zimenenepa kiasi kwamba alizivuta kwa koleo, na kila moja ilipotoka aliiomba radhi kwa mazoea. Mabomba ya chuma aliyasafisha kwa spiriti, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kilichotoka upande wa pili kikawa safi na kisicho na utelezi vidoleni. Jua lilipanda. Alifanya kazi akiimba puani, maana mikononi mwake hakuwa mtu wa samahani hata kidogo, na ungemwona pale ungedhani ni mtu mwingine. Adhuhuri ilipokaribia, kila kitu kilikuwa mahali pake na mafuta mapya yamejaa mpaka mstari.

Lakini ndani ya mabomba palijaa upepo, na upepo hausukumi kitu. Lazima utolewe, na kuutoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukanyaga pedali na kushikilia. Mwingine, uvunguni, hufungua kinati kidogo cha masta ya chini, upepo hutoka ukifoka, anakifunga, ndipo wa juu anaachia. Wa juu akiachia kabla kinati hakijafungwa, mabomba huvuta upepo mwingine, na mnarudi mlikotoka. Ni amri tatu tu. Kanyaga, shika, achia.

Tatizo likawa nani akanyage. Tumbo la binti halikuingia nyuma ya usukani. Baba Mkubwa alipoombwa alilishika goti lake. "Halafu mimi hapa ni mwamuzi," akaongeza. "Mwamuzi hapigi mpira." Akabaki Mama Pindo.

Fundi Samahani alijilaza chini ya gari. Kumwamuru mama mkwe. Kumpigia kelele mama wa mkewe akanyage, ashike, aachie, kama kibarua. Alifikiri, akapata njia iliyompendeza sana, na ndiyo iliyotaka kuwaangamiza. Alimketisha mkewe kwenye kigoda karibu na gurudumu la mbele awe mjumbe.

"Mwambie mama, samahani, kama hajachoka, akanyage."

"Mama, anasema kama hujachoka, ukanyage."

"Mwambie sijachoka, namshukuru kwa kunijali."

"Anasema hajachoka, anakushukuru kwa kumjali."

"Mwambie asante."

"Mama, anasema asante."

"Mwambie bila samahani."

Salamu zikifika, pedali ilikuwa imeshakwenda na kurudi. Mguu wa Mama Pindo nao ulikuwa na mambo yake. Ulikanyaga cherehani tangu usichana, kisigino na kidole, kisigino na kidole, na haukujua kitu kinachoitwa kutulia. Ukiuambia kanyaga, ulikanyaga na kuachia na kukanyaga tena, na kila ulipoachia kinati kikiwa wazi, mabomba yalivuta upepo mpya mwingi kuliko ule uliotoka. Mafuta yalimdondokea Fundi shavuni. Aliomba mama aambiwe, kwa hisani yake, asichezeshe mguu. Ujumbe ulipofika ulikuwa umegeuka kuwa mama apumzishe mguu, na Mama Pindo, mtiifu, akautoa kabisa.

Kopo la mafuta lilishuka nusu, likashuka robo. Pedali ilibaki legelege.

"Saa sita na nusu," Baba Mkubwa alisema barazani.

Hapo ndipo binti alipozidiwa. Alijaribu kusema "anasema ukishakanyaga ushikilie kama hutajali," akafika "kama huta," kicheko kikamshika, na kicheko kikamsukuma kibofu, na kwa hali aliyokuwa nayo jambo hilo halikuwa na mjadala. Aliinuka ameshika tumbo, akakimbilia ndani.

Wakabaki Fundi chini, Mama Pindo juu, na kwa mara ya kwanza tangu ile ndoa ifungwe hapakuwa na mtu kati yao.

"Mama, samahani," Fundi alisema uvunguni.

"Unasemaje, baba?"

"Nasema samahani."

"Ya nini?"

"Ya kukuambia ukanyage."

"Basi niambie."

"Ndiyo nakuambia, mama."

"Hujaniambia. Umeniomba radhi tu."

"Saa sita na dakika arobaini," Baba Mkubwa alisema.

Fundi alitazama tumbo la gari, juu yake, lile gari ambalo jioni ya leo lingekuwa uani kwa mtu mwingine, na akamwona mama mkwe wake akirudi kutembea na mkoba mkononi. Akajaza hewa kifuani.

"Kanyaga."

Lilitoka kubwa mno. Jirani aliyekuwa akianua nguo aliacha. Hata kuku walisimama.

"Na ukishakanyaga, shika. Usichezeshe mguu. Hapa hatushoni."

Fundi alifumba macho, akasubiri mbingu imwangukie.

"Nani kakwambia habari za mafuta ya cherehani?" Mama Pindo aliuliza polepole.

"Sijasema mafuta, mama. Nimesema mguu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na huyu alikuwa amejiumbua mwenyewe mchana kweupe, mguu ukiwa kwenye pedali.

"Nilikitazama kile kikopo nikaona kimepungua," alisema mwishowe. "Nikasema mkwe wangu ana kazi nyingi, nisimsumbue. Nikatia yangu. Mafuta mazuri yale. Cherehani yangu haijawahi kugoma hata siku moja." Kisha sauti ikabadilika. "Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Kwenye glasi."

"Ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Wewe ni mama mkwe."

"Ungesema, mama, umeharibu klachi. Maneno matatu. Tungekuwa tumeshamaliza."

"Maneno hayo ni mazito."

"Mazito," Mama Pindo alisema, na sasa asali ilikuwa imekwisha, wateja wake wangeitambua sauti ile. "Unajua mimi nimebeba nini humu kifuani tangu siku ya harusi yako? Ile suruali uliyofungia ndoa. Na nyingine ulizonunua baadaye, na hii uliyovaa leo. Zote zina mguu wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Kila ukiingia mlangoni naiona, kila ukikaa naiona. Usiku nalala nikiishona kichwani."

Fundi aliinua shingo kadiri uvungu ulivyoruhusu, akaitazama miguu ya suruali yake. Ilikuwa kweli.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningesemaje? Wewe ni mkwe."

Waliangua kicheko kwa pamoja, mmoja juu na mmoja chini, kicheko cha kutetemesha gari zima. Binti alirudi akakuta gari linacheka, akauliza kuna nini, hakuna aliyeweza kumjibu, naye hakuhitaji sababu. Akaketi kigodani akajiunga.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. "Kanyaga," Fundi alinguruma. "Shika." Kinati kikafunguka, upepo ukafoka, kikafungwa. "Achia." Mguu wa Mama Pindo, ukishapata bwana wa kuutawala, ukawa mguu wa ajabu, ulishuka moja kwa moja, ukaganda, ukapanda ulipoambiwa. "Kanyaga." "Nimekanyaga, usinitie haraka." "Shika." "Nimeshika, mbona unachelewa huko chini, umelala?" Majirani walichungulia juu ya ukuta wakidhani ndoa imevunjika. Povu likapungua, likawa mapovu mawili matatu, kisha uzi mmoja wa mafuta safi usio na pengo. Kopo la mafuta lilikuwa limebakiza tone la kulamba. Fundi akafunga kinati kwa mara ya mwisho.

"Sasa kanyaga uniambie."

"Inanisukuma," Mama Pindo alisema, na furaha yake ilisikika hadi barabarani. "Pedali inanisukuma mguu."

Walifika uwanjani wakiwa wanne ndani ya gari lile, Baba Mkubwa nyuma kwa sababu hakutaka kupitwa na jambo. Mtahini alikuwa mwanamke mwembamba mwenye viatu vizito na uso usiotoa habari. Fundi, mkewe na Baba Mkubwa wakaachwa kwenye uzio, Mama Pindo akaondoka naye. Alipinda kushoto, akapinda kulia, akarudi nyuma kati ya mapipa bila kuligusa hata moja. Kisha mlima.

Alisimama katikati ya mwinuko. Akavuta breki ya mkono. Kutoka kwenye uzio Fundi Samahani aliona gari likitetemeka, na mwili wake wote ukawa mguu mmoja wa kushoto. Kwa miaka yote aliyoishi alikuwa na sauti ndogo. Leo mchana alipata kubwa, na hakuwa bado amejifunza mahali pa kuiweka.

"Shika," alinguruma. "Usiachie. Shika mama, shika."

Uwanja mzima uligeuka. Gari likashtuka, likazima.

Mtahini akashuka. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba anayetahiniwa akielekezwa na mtu wa nje mtihani wake umefutwa, ndiyo sheria. Fundi alisikia masikio yakimuunguza. Akaona kazi ya siku nzima, na gari, na mwaka mzima wa mama mkwe wake, vyote vimekwenda kwa mdomo wake, yeye ambaye hakuwahi kumpigia kelele hata nzi. Hakuwahi kujichukia kiasi kile.

Mama Pindo naye akashuka. Aliweka mkono kiunoni, mkono wa kubishana na wateja.

"Huyo hajanielekeza. Huyo amenipigia kelele. Ningemsikiliza, gari lingezima? Nimeshtuka, ndiyo maana limezima."

"Ni nani yako?"

"Mwanangu. Leo ndiyo ameanza kuongea, hajui kipimo. Mnyamazishe, mimi nirudie."

Mtahini alimtazama, akamtazama yule mwanamume mwenye mafuta mashavuni na suruali iliyopinda, na uso wake ukatoa habari kidogo tu pembeni mwa mdomo. Alisema mlima utarudiwa, mlima peke yake, mara moja. Na yule bwana akageukie ukuta. Akigeuka, au akitoa hata neno moja, mambo yameisha.

Basi Fundi Samahani alisimama pua kwenye ukuta wa choo cha uwanja, kama mwanafunzi aliyechelewa. Mbele yake palikuwa na rangi iliyobanduka, na sisimizi mmoja akipanda. Nyuma yake mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi, kitambaa cha kichwa amekiuma kwa meno. Baba Mkubwa alikuja akasimama kando yake, uso upande wa mlima.

Injini ikawaka. Fundi hakuwa na macho ya kutazamia, ila gari lile alikuwa amelala chini yake asubuhi yote. Alilisikia likipanda taratibu, likasimama. Breki ya mkono ikakwaruza. Injini ikainua sauti, kidogo, si nyingi, vizuri mama. Sasa klachi, polepole. Akangoja. Ikiwa upepo ulibaki mle ndani hata kidogo, ikiwa raba moja haikukaa sawa, angeisikia sasa hivi. Mkono ulimkamata begani. Ulikuwa wa Baba Mkubwa.

"Shika, shemeji," mzee alinong'ona kwa meno yaliyofungwa. "Shika. Usiachie."

Sauti ya injini ikainama. Ni mwinamo mdogo, mtu mwingine asingeusikia, pale klachi inaposhika na gari lote linajikaza. Halafu breki ya mkono ikashuka, na mlio ukapanda, ukapanda, ukavuka kileleni ukateremkia upande wa pili.

"Usigeuke," Baba Mkubwa alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Amepita. Usigeuke bado."

Fundi Samahani aliegemeza paji la uso ukutani akalia na kucheka, na yule sisimizi akalazimika kutafuta njia nyingine. Nyuma yake mkewe alikitema kitambaa, na kicheko kilichokuwa kimebanwa muda wote ule kikatoka kwa mkupuo.

Gari lilirudi likasimama karibu nao. Mtahini alishuka, akampa Mama Pindo mkono, akaenda zake. Baba Mkubwa alichomoa ule ufunguo mfukoni mwa shati, akaupitisha dirishani. Alisema alikuwa anataka tu kulisikia likinguruma uani kwake asubuhi, kama ndugu yake alivyokuwa akipita kumsalimu, basi. Mama Pindo aliupokea, akautazama, akautia kwenye mkoba.

"Panda mbele, shemeji," alisema. "Nitakupeleka kwako, na kesho asubuhi nitapita kukusalimu." Akageuza shingo. "Na wewe unatazama ukuta wa nini mpaka saa hizi? Panda nyuma na mkeo."

Wakapanda. Baba Mkubwa aliketi pale shemeji yake alipoketi miaka yote ya ndoa, kofia mapajani. Mama Pindo akakanyaga klachi, gia ikaingia bila kinyongo, akaongeza mafuta, na gari likanguruma bila kwenda popote.

"Mama, breki ya mkono," Fundi Samahani alisema kutoka nyuma.

"Nimeiona," alijibu, akaishusha, na wala hakuwa ameiona.